Kungoja Karatasi ya Babake Rukia

Jumatatu, 8 Januari 2001

Posta imepita saa tatu na robo. Bili ya gesi, tangazo la mazulia, barua ya daktari wa meno. Ya broka hamna. Nimesimama nyuma ya mlango na kanzu ya kulalia, mikono nimekunja, eti nikimkodolea macho mtu wa posta ataikumbuka.

Siku ishirini na tatu zimebaki. Tarehe thelathini na moja fomu ya kodi ya Babake Rukia iwe imeshafika ofisi ya kodi. Kila kitu kiko mezani, kimepangwa kama alivyokuwa akikipanga mwenyewe: pensheni ya reli, riba ya benki, barua zote na tarehe zake. Imebaki karatasi moja tu, ya broka aliyekuwa akimnunulia hisa. Ndiyo inayoonyesha hisa zimempa gawio gani mwaka mzima na kodi gani imekatwa. Bila hiyo fomu ni nusu, na mume wangu hakuwahi kupeleka kitu nusu maisha yake yote.

Miezi mitatu na nusu tangu atutoke. Mimi niko ndani, nakaa eda. Jikoni hospitali ninakofanya kazi wamenipa likizo bila malipo, Mungu awape. Eda yaisha tarehe thelathini. Nimehesabu mimi hapa ugenini, Walthamstow, kwa miezi ya mwandamo, wifi yangu Aziza kahesabu kule Mombasa, tumeangukia siku moja. Mimi na Aziza kukubaliana, lo!

Jumatano, 10 Januari

Hamna. Menyu za pizza, mbili.

Alhamisi, 11 Januari

Rukia kapita akitoka kazini Stratford. Kaniletea samaki na ndizi mbichi kutoka sokoni hapa chini. Soko liko dakika tatu na sijalikanyaga tangu Septemba. Nalisikia tu, wale wauza matunda kwa bakuli wanavyopayuka tangu asubuhi. Sikujua kama nitakuja kuwatamani watu wale.

Akauliza karatasi ya broka vipi. Nikamwambia iko njiani. Mimi namsemesha Kiswahili, yeye ananijibu Kiingereza, ndivyo tulivyo tangu utoto wake, na sasa ana miaka ishirini na minne. Akasema angeweza kuwapigia simu yeye. Nikamkatiza. Nikamwambia kula kwanza, umekonda.

Nimemdanganya mwanangu. Haiko njiani.

Jumatatu, 15 Januari

Haya, na niandike. Daftari halina mdomo.

Mwezi wa sita broka waliileta karatasi ya mwaka. Babake Rukia akaikagua mstari kwa mstari na rula, akakuta wamemwandikia hisa zisizo zake. Mtu mwingine angefurahi. Yeye akawarudishia, na barua ya kurasa mbili juu. Alikuwa mgonjwa, ngazi hawezi kupanda, chakula hakimshuki, lakini kurasa mbili aliziweza! Nikamtania, nikamwambia wewe wawapenda watu hao kuliko mimi. Akasema wao hawajawahi kumzidishia chumvi kwenye mchuzi. Nilicheka siku nzima.

Akafa kabla hawajamjibu. Hapana. Nimelifuta, nikaliandika tena, na bado silipendi. Akatutoka kabla hawajamjibu.

Oktoba, siku ya kumi na tisa baada ya mazishi, simu ikalia. Msichana wa kwa broka. Sauti ya heshima. Karatasi imesharekebishwa, je, anaweza kuzungumza na mwenyewe? Nikafungua mdomo nimwambie, na neno likakataa katakata. Nikasema amesafiri. Akauliza anarudi lini. Nikasema mwaka mpya. Akasema basi watamwekea hapo hapo ofisini mpaka apige mwenyewe, kwa sababu barua yake ilisema wasimtumie kitu tena bila kwanza kusemezana naye.

Nikamshukuru! Nikaweka simu, nikaenda kuosha mchele.

Kwa hiyo karatasi ninayoingojea kila asubuhi haiji. Najua haiji. Na bado nasimama pale mlangoni, mimi mtu mzima wa miaka hamsini na tisa.

Jumatano, 17 Januari

Nimewapigia. Msichana alipopokea nikakata.

Alhamisi, 18 Januari

Nimepiga mara mbili. Ya kwanza nimekata. Ya pili nimesema samahani nimekosea namba, na sauti nimeibadilisha kama mwizi. Astaghfirullah.

Leo nimekaa nikafikiri kwa nini siwezi. Majirani waliona jeneza likitoka. Mombasa aliyepiga simu ni Rukia. Kazini kwangu alipiga Rukia. Watu wa pensheni aliwaandikia Rukia. Mimi sijamwambia mtu hata mmoja kwa mdomo wangu. Nimehesabu vizuri, hata mmoja.

Na kule kwa broka bado ni mzima. Amesafiri, yuko mahali, atapiga akirudi. Kuna sehemu moja katika mji huu wote ambapo wanamngoja kama ninavyomngoja mimi. Sasa mimi ndio niende nikamtoe huko? Kwa mdomo wangu? Moyo umenikataa kabisa.

Jumamosi, 20 Januari

Aziza kapiga simu. Kwanza kaniuliza kama nakula, halafu kama nimejipaka manukato, maana kwenye eda ni mwiko. Nikamwambia manukato nimpakie nani, mtu wa posta? Hakucheka. Akauliza madeni ya ndugu yake yamekwisha. Nikasema hana deni, ila fomu ya kodi bado. Akasema basi hilo nalo ni deni, na mdai ni serikali, na ndugu yake amelala huko peke yake, roho yake isizuiliwe kwa ajili ya karatasi. Alikuwa akilia. Mimi nikakasirika, nikamwambia simu inakula pesa, nikakata.

Nimekasirika kwa sababu amesema kweli. Nimemzuia mimi.

Jumatatu, 22 Januari

Saa saba mchana Rukia kaingia, siku ya kazi. Koti hakuvua. Kasimama hapo mlangoni mwa jikoni, uso umemshuka. Akasema, kwa Kiswahili, mwanangu ambaye sijamsikia Kiswahili tangu yuko shule ya msingi:

“Mama, Baba amesafiri?”

Amewapigia broka kutoka kazini, asinisumbue. Wamemjibu kwa adabu kwamba baba yake yuko safarini na wanangoja simu yake. Nikajua hapo hapo hakuna pa kukimbilia. Nikamweleza yote, msichana, mwaka mpya, kuosha mchele. Nikangoja anipigie kelele, na angekuwa na haki.

Hakupiga kelele. Akaketi. Akaniambia kwa sekunde moja, pale kwenye simu, aliamini. Alitaka kuuliza amekwenda wapi. Basi hapo nikamvuta, nikamshika, tukalia pamoja vile ambavyo hatukulia hata siku ya mazishi. Koti lake lilikuwa limelowa mvua na sikujali.

Baadaye akafuta uso akasema atawapigia yeye kesho, amalize mambo. Nikasema la. Aliyemsafirisha ni mimi, nitamrudisha mimi.

Jumanne, 23 Januari

Saa nne kamili. Nimevaa, nimejitanda, nimekaa kwenye ngazi karibu na simu kama ninayekwenda kuonana na mtu. Msichana yule yule.

Nikasema jina langu. Nikasema mume wangu hakusafiri. Mume wangu amekufa, tarehe ishirini na tatu Septemba, na mimi niliwadanganya, naomba radhi.

Nikadhani amekata.

Kumbe analia. Mtoto wa watu, kule ofisini kwao. Akasema Babake Rukia alikuwa akiwapigia kila mwezi, na kila mara kabla ya habari za hisa alimuuliza mguu wa mamake unaendeleaje. Mimi sikujua. Miaka thelathini na moja ndani ya nyumba moja, na kuna mguu wa mama wa mtu sikuambiwa! Nikamuuliza, sasa mguu waendeleaje? Akasema umepona, sasa anatembea bila fimbo.

Akaniuliza kama niko peke yangu nyumbani. Akaniambia nisiombe radhi. Anataka nakala ya cheti cha kifo tu, akishaipata ataituma karatasi siku ile ile. Rukia ameshaipeleka kwa faksi mchana.

Nimeweka simu. Nimekaa pale kwenye ngazi mpaka adhuhuri ikaingia. Amekufa. Nimelisema na nimeliandika. Linauma kweli kweli, lakini hewa inaingia.

Alhamisi, 25 Januari

Hamna. Leo lakini nangoja kwa haki yangu.

Ijumaa, 26 Januari

Hamna. Siku tano. Nimemfokea mtu wa posta kupitia mlangoni, maskini, halafu nikafungua nikamwomba msamaha. Kaniambia kuna mgomo wa treni, mifuko imechelewa. Niliona mwenyewe nafasi ikija na nikaichezea tangu Oktoba, sasa ikichelewa nitamlaumu nani?

Jumamosi, 27 Januari

IMEFIKA.

Bahasha ndefu. Jina lake limebadilika, sasa wameandika mirathi ya marehemu fulani. Nimelitazama muda mrefu. Ndani karatasi moja, safi, na zile hisa zisizo zake zimeondolewa. Alikuwa na haki tangu mwanzo, bila shaka. Chini msichana kaandika kwa mkono pole yake, na mamake pia anatoa pole.

Jumapili, 28 Januari

Rukia kaja asubuhi, tumejaza. Yeye anasoma vijisanduku, mimi namtajia. Tumejumlisha mara tatu, kila mara jibu jingine, tukacheka mpaka nikasema tumwombe radhi mwenye fomu. Ya nne na ya tano zikalingana.

Mwisho kuna pa kutia saini, na pa kuandika wewe ni nani wa huyo mwenye fomu. Rukia akaanza kutafuta neno lao rasmi kwenye kijitabu cha maelezo ya fomu. Nikachukua kalamu nikaandika mke. Akasema Mama, sidhani kama wanataka hilo. Nikamwambia ndilo nililonalo.

Jumanne, 30 Januari

Eda imekwisha. Nimeoga, nimevaa nguo ya rangi, nimechoma udi kidogo. Aziza kapiga, mara hii hakuuliza kitu, tumelia tu kila mtu upande wake na simu ikala pesa.

Rukia anataka kuipeleka yeye kesho, nje kuna baridi ya kuvunja mifupa. Sitaki. Hii yangu.

Jumatano, 31 Januari

Nimetoka. Hatua ya kwanza nje ya mlango nilishika ukuta, barabara ilikuwa pana mno. Mwanga mwingi. Nikapita sokoni makusudi, sikununua kitu, nikapanda basi na bahasha ndani ya baibui.

Ofisi ya kodi foleni imefika mlangoni. Wote wale wa dakika ya mwisho, wanaona haya. Nikajisemea angetuona angefunika uso. Yeye alikuwa akipeleka Agosti.

Mama wa kaunta akapitia fomu, akafika mwisho, akanitazama. Akasema kwa sheria hapo panaandikwa msimamizi wa mirathi. Nikamwambia najua sasa. Akachukua kalamu. Nilijua atalikata, nikajikaza. Hakulikata. Kaandika neno lake pembeni, herufi ndogo, mke kaliacha mahali pake. Akapiga muhuri kwenye nakala yangu, tarehe ya leo.

Nikasema asante nikashindwa kuondoka. Alinisubiri kidogo, halafu akaita anayefuata.

Alhamisi, 1 Februari

Posta imekuja. Sikushuka. Hakuna cha kungoja, na hakuna kazi yake iliyobaki ya kufanya. Mikono mitupu. Sikujua hilo litakuwa gumu hivi.

Jumamosi, 3 Februari

Nimekwenda na Rukia makaburini. Siku ya mazishi wanawake tulibaki nyumbani, kwa hiyo leo ndiyo mara yangu ya kwanza. Jiwe bado, kuna kibao na namba. Udongo umeshuka upande mmoja. Rukia akabaki njiani, akaniacha.

Maneno nilikuwa nimejipangia wiki nzima. Nikamtolea salamu, nikasoma Fatiha, na kilichonitoka ni habari za kodi. Kwamba imefika, siku ya mwisho lakini ndani ya siku. Kwamba zile hisa kweli hazikuwa zake na wamekiri. Kwamba mama wa yule msichana anatembea. Nikamwambia sidaiwi, hudaiwi. Nilizungumza mpaka miguu ikafa ganzi, halafu nikasimama naye tu.

Manyunyu yakaanza. Nikamwambia haya, twende nyumbani. Nikasikia nilivyosema.

Basi nikamwambia tena, taratibu: mimi nakwenda, wewe kaa.

Rukia akanishika mkono, tukateremka hadi kituo cha basi.