Chupa Tatu Zilizogusa Barafu

Kasulu,
Tarehe 9 Agosti

Kaka yangu mpendwa Bazilio,

Nakusalimu kwa heshima, nikitumaini barua hii itakukuta u mzima huko Kibondo, na kwamba kile kifua kilichokusumbua mlipokuwa mkiezeka bwalo la shule kimetulia. Sisi huku hatujambo kimwili. Mke wako Pelagia ameanza tena kwenda shambani na maharage yote yamepigwa, ingawa hadi leo hali chakula mpaka akumbushwe. Anayekuletea barua hii ni Haidari wa duka la vitenge, naye hajui kilichomo. Sikupiga simu kwa sababu nilihitaji maneno unayoweza kuyasoma mara mbili.

Niruhusu kwanza nieleze jambo moja la kazi yangu ya uuguzi, maana mengine yote yanalitegemea. Uthabiti wa protini ni uwezo wa protini kudumu katika umbo lake, vile ilivyokunjwa, inapokutana na joto, baridi au mtikiso. Chanjo ya pepopunda ni protini iliyoondolewa sumu, ikashikizwa juu ya chembe ndogo za chumvi ya alumini. Mwili wa mama huitambua kwa umbo lake, hutengeneza kinga, na kinga hiyo humfikia mtoto angali tumboni. Chanjo ikiganda, chembe hushikamana mabonge, protini huachana nazo au hupoteza umbo, na mwili hupokea somo lililofutika nusu. Joto kila mtu analiogopa. Baridi ndiyo inayodanganya: chanjo iliyoganda ikiyeyuka hurudi kuwa maji yaleyale yenye ukungu, haina harufu wala rangi ya kuisaliti.

Sasa nije kwa Mama. Yuko Muyama kwa Mama Mdogo tangu Aprili, tangu ulipomwambia mbele ya waombolezaji kwamba mikono yake ndiyo iliyomuua mwanao. Jumapili nilikwenda kumwona. Amekonda. Yeye aliyeogesha kila mtoto mchanga wa ukoo wetu, sasa akimwona mwanamke amebeba kichanga huificha mikono ndani ya kitenge. Mama Mdogo ananiambia kwamba huko kisimani wanawake huulizana kwa sauti kama Bibi Samli amenawa leo, kisha hucheka, naye hujaza ndoo yake na kuondoka.

Mama hakukana kamwe. Alimpaka mwanao Ininahazwe kitovuni samli iliyochanganywa na masizi ya chungu, kama alivyotupaka wewe na mimi, na kama mama yake alivyompaka yeye kule Burundi. Siku ya saba mtoto alishindwa kunyonya; taya lilikaza. Hospitalini waliuliza mambo mawili tu: kitovuni paliwekwa nini, na mama alichanjwa? Nilitoa kadi ya Pelagia. Sindano mbili, zote kwa mwandiko wangu. Daktari aliitazama, akanirudishia. Likabaki swali la kitovu peke yake, na jibu lake likawa Mama. Nilisimama pale nimeshika kadi, nikanyamaza. Nimenyamaza miezi minne.

Kaka, sindano ya pili ilikuwa imeharibika, nami nilijua.

Ilikuwa siku ya kiliniki, mwezi wa pili, nilipokwenda mjini kuchukua chanjo. Pakiti za barafu zikitoka kwenye friza huachwa mezani mpaka zitoe jasho, na ukizitikisa usikie maji ndani. Hapo ndipo huwekwa kwenye kibebeo cha chanjo pamoja na chupa. Mvua ilikuwa imeziba milima yote. Moses wa bodaboda alinihimiza akisema, "Dada nesi, hizo barafu zitatoa jasho njiani. Zikichelewa, tutakaotoa jasho ni sisi, tukisukuma pikipiki kwenye tope." Nilicheka, nikazifunga zikiwa kavu na ngumu kama matofali.

Nilipofungua kibebeo zahanati, chupa zote tatu zilikuwa zimeegemea barafu, na ndani ya kioo niliona nyuzi nyembamba nyeupe. Kanuni iko wazi: chupa uliyoiona imeganda hutupwa. Lakini wanawake ishirini na saba walikuwa kwenye benchi, wengine wametembea tangu alfajiri, na ningewarudisha wasingekuja tena. Nilijiambia kwamba ule ni umande wa nje ya kioo. Mpaka tulipomaliza kuwapima uzito, nyuzi zilikuwa zimetoweka. Pelagia alikuwa wa nne.

Jana niliyaandika haya yote kwa ofisi ya wilaya. Nimezuiwa kuchoma sindano. Wanawake wale watachanjwa upya na mwenzangu, nami nimeomba nitangulie nyumba kwa nyumba, niwaambie mwenyewe sababu. Pelagia nilimwambia asubuhi hii. Alinisikiliza hadi mwisho, akaenda ndani, akarudi na ile kadi akaniwekea mkononi. Hakunipa salamu za kukuletea.

Sisemi kwamba Mama hana lolote. Yawezekana vimelea viliingia na masizi yale. Yawezekana viliingia na wembe uliokata kitovu. Lakini chanjo iliwekwa kwa ajili hiyo hasa, isimame kati ya mtoto na kosa la mtu anayempenda. Ulimfukuza mmoja tulipokuwa wawili. Nakuomba uende Muyama kabla hujanijibu mimi, na kama hutanijibu, uende vilevile.

Wasalimie mafundi wenzako, na ujifunike vizuri asubuhi, baridi ya huko si ndogo. Nilipomweleza Mama habari hizi hakulia. Aliitoa mikono kitengeni, akaitazama kwa muda mrefu, kisha akaniuliza, "Mwana wanje, mwanangu, kumbe sindano ingekuwa nzima, na samli yangu ni ileile, mtoto angeishi?" Nimeipima hoja hiyo pande zote. Wewe, utakapofika kwake, utamjibu nini?

Mdogo wako,
Ndayikeza