Shuka za Mdogo Wangu Zimegeuka Rangi

Mshauri mpendwa, nisaidie kabla ya Alhamisi, maana siku hiyo wakubwa wanakuja kusikiliza maoni kuhusu sheria ya kulinda mito, ile itakayotukataza kuchimba na kuosha mchanga wa dhahabu popote kando ya maji, na wachimbaji wenzangu wamenichagua nikaipinge, eti sauti yangu inafika hadi nyuma ya ukumbi.

Kazi yangu ni karai. Asubuhi, ukungu ukiwa bado umeulalia mto, naweka mchanga, nazungusha, nazungusha, mpaka sijui ni karai linalozunguka au ni mimi, mchanga mwepesi unatoka, mweusi unabaki, halafu pembeni kabisa punje moja inafumbuka kama jicho la mtu anayeamka. Sioshi mchanga mtoni, nimechimba kidimbwi kando, tope linazama humo. Karai na kidimbwi hicho ndivyo vinavyolisha wanangu tangu baba yao aondoke, na sheria ikipita sina kazi nyingine.

Sasa mdogo wangu, tumbo moja, ni dobi huku chini mto unakoelekea, anafua shuka za nyumba ya wageni. Juzi nimemkuta amezianika ua mzima, zinapepea taratibu, zote za manjano, nikajiona kama natembea ndani ya mto uliosimama wima. Nikasema sabuni za siku hizi mbovu. Akanijibu, "Sabuni gani, dada? Hiyo ndiyo dhahabu yenu, nimekuanikia uione." Wenye nyumba wamesema zikiendelea hivyo watatafuta dobi mwingine. "Ukienda kuipinga sheria hiyo," akasema, "usinipitie tena hapa."

Tope najua linatoka wapi, ni pampu za kuoshea mchanga za wenzetu walio juu yangu, wanamwaga moja kwa moja mtoni, na moja ni ya mwenyekiti wetu, ambaye ndiye aliyenifundisha la kusema: "Sisi sote tunatumia karai, mto hatuudhuru." Nimelikariri hadi nikisinzia mchana naota nazungusha karai, ndani yake shuka nyeupe inayeyuka. Nikamuuliza, "Mwenyekiti, na pampu je?" Akacheka, "Mama Karai, pampu ni karai lenye haraka tu." Niende, au nijifanye mgonjwa?

Mama Karai

JIBU

Mama Karai, pole, lakini usinichezee. Huo ugonjwa naujua, hupona wenyewe Ijumaa asubuhi.

Kwanza, umeisingizia sabuni mbele ya mtu anayeishi kwa sabuni, na ulijua. Hilo limemuuma kuliko tope.

Pili, una haki ya kuipinga sheria hiyo. Kosa lake ni kumwona mwenye karai na mwenye pampu kuwa mtu mmoja. Lakini sikiliza sentensi uliyofundishwa: "sisi sote". Mwenyekiti wako naye anasema hivyohivyo! Ukiitamka, umekubali kwamba karai na pampu ni kitu kimoja, na umeipitisha sheria kwa mdomo wako mwenyewe.

Leo hii mwambie mwenyekiti hutaisema. Akikunyima nafasi, nenda kama mkazi. Atakununia, na wenye pampu watakununia. Jiandae, na kwa siku chache usiende mtoni peke yako.

Kisha nenda kwa mdogo wako. Usianze na sheria, anza na sabuni, umwombe radhi. Mlete kidimbwini na vitambaa viwili vyeupe. Kimoja akifue kwa maji ya kidimbwi tope likishazama, kingine kwa maji ya mto chini ya pampu. Yeye ndiye aamue, jicho lake halidanganyiki na doa. Kama cha kwako nacho kimechafuka, chimba tena kidimbwi kabla ya kufungua mdomo. Kama kimetoka safi, beba vyote viwili ukumbini, uwaombe wazuie kumwaga tope mtoni na waliache karai lenye kidimbwi.

Na ukishika kipaza sauti, neno la kwanza liwe "mimi". Umesema sauti yako inafika nyuma ya ukumbi. Vizuri, mdogo wako mweke akae huko.