Paswadi ya Baba

Bwera, 3 Juni 2024

Mwanangu Yvette,

Salamu nyingi kwako, kwa Hakim na wajukuu wangu. Mnaamkaje huko Kasese? Sisi tunaamka, ila magoti yangu na baridi hii havipatani. Simu zangu hupokei, basi navumilia vidole vyangu na kukuandikia ujumbe wa simu.

Kaka yako Hardy ametuletea printa, tuchapishe hapa nyumbani picha ya baba yako na nyimbo za misa ya kumaliza matanga. Printa inataka paswadi ya intaneti, na marehemu amekwenda nayo. Mgeni akiiomba, baba yako alikuwa akichukua simu ya mgeni, akitugeuzia mgongo, akielekea ukutani na kuandika mwenyewe. Hakumwambia mtu. Wewe unauza simu, hujui dawa yake?

Mama yako

Kasese, 5 Juni

Mama,

Salamu. Watoto wazima, ila mdogo ana homa kidogo. Hakim yuko safarini na lori. Pole kwa magoti.

Watu wengi huweka majina ya watoto wao. Jaribuni hayo.

Kwenye misa siji. Baba alisema mbele ya wajomba, "Ule ameolewa na Muislamu haiko tena mutoto wangu," na hata alipolazwa hakulirudisha neno lile. Supu niliyompelekea ilirudi imejaa.

Yvette

Bwera, 8 Juni

Mwanangu,

Homa ya mdogo imeshuka? Mpe maji mengi.

Tumejaribu Hardy, Gracien, Blandine. Imekataa yote. Gracien akajaribu hata Semu, yule mbuzi beberu ambaye baba yako alimpenda kuliko sisi. Imekataa.

Mama yako

Kasese, 8 Juni

Mama,

Homa imeshuka, asante.

Majina yenu nimeyasoma mara mbili. Mimi ndiye binti yako wa kwanza, na kwetu binti wa kwanza huitwa Masika. Sokoni wanakuita Mama Masika mpaka leo. Jina hilo hamkulijaribu. Mliogopa kulitaja hata kwa mashine?

Lijaribu. Likikubaliwa, nitajua alinikumbuka, nami nitakuja. Likikataliwa, niambie tu. Nimezoea.

Yvette

Bwera, 17 Juni

Masika mwanangu,

Unisamehe kwa kukawia. Mnaendeleaje?

Limekubaliwa. Niliandika mwenyewe, printa ikanguruma, karatasi zikaanza kutoka. Njoo Jumamosi ya tarehe 29 pamoja na Hakim. Mbuzi achinje yeye, ili wote tule chungu kimoja. Semu hachinjwi.

Mama yako

Kasese, 2 Julai

Mama yangu,

Tumefika salama. Magoti yamepumzika baada ya kusimama vile? Hakim anashukuru kwa kisu mlichompa mbele ya wajomba. Hakutegemea.

Nikiwa sebuleni, simu yangu iliomba paswadi. Niliandika Masika. Ikakataa. Nikajaribu kwa herufi kubwa, kwa herufi ndogo. Ikakataa. Nikakigeuza kile kisanduku cha intaneti pale ukutani. Kwa nyuma kuna kikaratasi kilichobandikwa kiwandani, namba na herufi zisizo jina la mtu yeyote. Niliandika hizo, intaneti ikafunguka. Baba hakuwa anaficha kitu, Mama. Alielekea ukutani kwa sababu hakuweza kuzikariri, alikuwa anazisoma.

Uliponikuta nalia, ukanipa kitenge nijifute, nilikuwa nalilia hilo. Sikutaka kukuuliza mbele ya watu kwa nini uliniandikia kwamba limekubaliwa. Nimeumia, sitakudanganya. Alikufa bila kuniita, na sasa najua.

Lakini jana nilitoa kwenye mkoba karatasi ya misa, popote mlipoichapisha. Chini ya picha yake hukuandika jina la ubatizo, wala lile la kwenye kitambulisho. Umeandika "Baba Masika". Karatasi ile wajomba wote waliishika, na hakuna aliyeirudisha.

Nimeiweka ukutani dukani. Jumapili nakuja kukukanda magoti.

Masika wako