Pikipiki ya Kigango cha Mlundi

Jumanne, 7 Aprili

Nimepewa pikipiki. Mimi! Sylvester, katekista, miaka hamsini na saba, magoti mabovu.

Paroko aliniita baada ya misa ya asubuhi. Ilikuwa nje ya ofisi, nyekundu, ya Kichina, imepita mikono mitatu kabla ya kufika kwetu. Akasema ni ya katekista wa Mlundi, kigango changu cha kijijini. Nikaizunguka mara mbili bila kuigusa. Halafu nikaweka kiganja juu ya injini polepole, kama ninavyopima homa ya mtoto. Ilikuwa bado ina joto. Nikatoa mkono haraka.

Kisha akasema la pili. Sikukuu ya mtakatifu somo wa kigango, Yosefu Mfanyakazi, ni tarehe moja Mei. Siku hiyo nifike Mlundi nikiiendesha mwenyewe. Nikishindwa, pikipiki na kigango vinakwenda kwa Fredy, mwalimu wa kwaya, kijana anayejua pikipiki tangu yuko sekondari. Mimi nitabaki mjini kuandika vitabu vya ubatizo. Hakusema kwa ubaya. Kwaresima yote nimefika Mlundi mara mbili tu, magoti yanaikataa baiskeli.

Lakini miaka ishirini na minne! Wale watu nimewafundisha Baba Yetu, nikawafundisha na watoto wao.

Mke wangu Agnella ameitazama pikipiki, akanitazama mimi. "Baba Luciana, wewe hata blenda unaogopa kuiwasha."

Kweli naiogopa.

Jumatano, 8 Aprili

Fundi Nassib amekubali kunifundisha, kila siku akitoka sala ya alasiri. Gereji yake iko Viwanja Sitini, mkabala na mashine ya kukoboa. Leo hakunipandisha. Pikipiki ilikuwa inatoa moshi, akaifungua abadilishe ringi, akaniita nione.

Pistoni! Nilidhani ni dude kubwa. Ni kikopo tu, kinaenea kiganjani. Nassib akasema hicho kinapanda na kushuka mara elfu kadhaa kwa dakika moja, na kila mara mbili moto unawaka juu yake. Nikauliza moto wa kweli? Akasema moto wa kweli, mwalimu, na wewe umeukalia.

Nikavua kofia. Sikukusudia, mkono ulikwenda wenyewe. Nassib akacheka mpaka akaangusha spana.

Nimefundisha habari za Pentekoste miaka yote hii, sijawahi kufikiri moto unaweza kukaa ndani ya kikopo na ukatii.

Ijumaa, 10 Aprili

Uwanja wa shule. Klachi — achia polepole. Giya ya kwanza. Ikazima. Tena. Ikazima. Nimehesabu mara kumi na tisa, halafu nikaacha kuhesabu kwa ajili ya amani yangu.

Shida ni baiskeli. Mikono yangu ni ya baiskeli. Nikitaka kusimama nabana kote kuwili kwa nguvu, na miguu inatafuta pedeli. Nassib anapiga kelele: "Mguu wa kulia, mwalimu! Breki iko mguuni!" Mguu wa kulia haumjui Nassib.

Mara ya mwisho ikakubali. Mita kama hamsini! Sikukanyaga chochote na miti ilikuwa inarudi nyuma. Nilipiga kelele ambayo katekista hapaswi kupiga.

Jumapili, 12 Aprili

Jumapili ya Huruma. Naihitaji. Mapaja yanauma.

Jumanne, 14 Aprili

Leo barabarani! Nyumbani mpaka Kibaoni, Nassib nyuma yangu na pikipiki yake.

Niandike hili lisipotee. Njia zangu zote nimezipima kwa rozari. Kutoka nyumbani mpaka Kibaoni kwa baiskeli ni rozari nzima, na litania. Mlundi ni rozari nne na kupumzika mara mbili. Leo nilianza Salamu Maria ya kwanza pale kwetu. Nilipofika Kibaoni nilikuwa kwenye ya saba. Ya saba! Fungu moja halijaisha na njia imekwisha. Nikasimama pembeni nikamalizia tatu zilizobaki, maana sikuona vizuri kuziacha.

Na milima. Siku zote naiona Udzungwa, nimezaliwa chini yake. Lakini kwa baiskeli mtu unatazama mashimo. Leo niliinua macho kidogo tu, ikawa inatembea pamoja nami, ya buluu, mawingu kiunoni. Machozi yalinitoka. Nassib akasema ni upepo, ninunue miwani.

Alhamisi, 16 Aprili

Aibu.

Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Jana Nassib alinisifu. Leo nikaenda peke yangu barabara ya mashambani, nikakutana na Bibi Marsiana, mama yake mwenyekiti wa kigango, anatoka kuamia ndege kwenye mpunga. Miaka themanini na kitu. Akasema, "Tumsifu Yesu Kristo, Katekista."

Sasa mimi mtu mzima hanisalimii nikiwa nimekaa juu. Sijalelewa hivyo. Baba alinichapa kwa kumwamkia mzee nikiwa juu ya baiskeli. Nikasimama, nikashuka.

Nikashuka na giya ndani! Mkono ukaachia klachi, pikipiki ikaruka peke yake kama mbuzi aliyekatika kamba, ikaingia kwenye jaruba la mpunga, ikalala ubavu. Mimi nimebaki barabarani, mikono hewani.

Nikajibu, "Milele, amina." Ningefanya nini kingine?

Bibi akaitazama muda mrefu. "Kumbe yenyewe haisalimii?" Halafu akaingia majini na khanga yake, akashika usukani, tukaivuta sote wawili. Mtu wa miaka themanini! Nguvu ile ameitoa wapi?

Nassib aliposikia alikaa chini. Kasema nipige honi tu, wenzangu wote wanapiga honi. Nimpigie honi Bibi Marsiana? Nikamwambia Nassib, na wewe mama yako unampigia honi? Halafu akasema, "Basi frii kwanza, giya zote nje, mwalimu, ndipo salamu."

Nimeyaandika maneno hayo kwa kalamu ya wino juu ya tangi.

Jumatatu, 20 Aprili

Nimenuna leo.

Niliona cheni imelegea, inaning'inia. Nikaikaza mwenyewe, vizuri, kama ya baiskeli, ikawa ngumu kama waya wa kuanikia. Nikajivuna. Ikaanza kulia njia nzima, iiii, iiii.

Nassib hakucheka safari hii. Alifoka! Cheni ya pikipiki lazima ipumue, ilegee upana wa vidole viwili, ukiikaza unaua beringi, unaua giyaboksi, unajiua na wewe. "Hii siyo baiskeli, mwalimu! Utaizika lini hiyo baiskeli?"

Mbele za watu. Nikachukua kofia nikaondoka. Nikarudi baada ya nusu saa kwa sababu pikipiki ilikuwa bado kwake. Alikuwa ameshailegeza. Tukanywa chai, hakuna aliyesema pole, yakaisha.

Jumamosi, 25 Aprili

Nimejaribu Mlundi. Sijafika.

Mvua ya usiku imeharibu kila kitu baada ya kilometa kumi na tano. Nilianguka mara tatu. Ya tatu pikipiki ilinilalia mguu na sikuweza kuinyanyua. Ng'ombe wa Wasukuma wakanipita mmoja mmoja, kila mmoja ananiangalia. Aliyekuja kuniinua ni nani? Fredy! Anatoka kufundisha kwaya vijijini, na pikipiki ya kuazima. Akaniamkia kwanza, nikiwa chini hivyohivyo, nikaitikia marahaba kutoka kwenye tope.

Akasema kwa upole, mwalimu, njia hii ni ngumu, mimi sikuomba kigango chako, lakini si aibu kupumzika. Nilitaka kumtukana. Upole wake ndio uliniuma. Akaondoka, nikakaa pale kwenye mwinuko nikilia kwa hasira kabisa.

Halafu jua likatoka. Bonde lote lilikuwa maji na mpunga, kijani mpaka macho yanakoma, mto umefura, mweupe katikati, na yangeyange wanaruka juu yake mamia kwa mamia. Miaka ishirini na minne nimepita hapa nimeinama nasukuma pedeli. Sikuwahi kukaa. Nilisahau hasira ilikuwa ya nini. Mungu, umeyafanya haya yote na hukuniita nije nione? Au uliniita.

Nimerudi nyumbani giya ya pili njia nzima. Agnella ameukanda mguu kwa maji ya chumvi, hakusema neno la blenda.

Alhamisi, 30 Aprili

Oili, sawa. Cheni, vidole viwili. Upepo, sawa. Plagi ya akiba mfukoni. Nassib amekagua kila kitu akakataa kunitazama usoni. Akasema tu, "Kesho nakuombea na mimi."

Ijumaa, 1 Mei

Saa mbili na nusu. Naandikia juu ya siti.

Niliondoka alfajiri. Pale nilipoanguka Jumamosi nimepita! Giya ya kwanza, miguu imening'inia pande zote mbili, najiongelesha kwa sauti. Kilometa kumi na nane bila kuanguka. Zimebaki tisa.

Na sasa kalavati limebomoka. Maji yamekula barabara, umebaki ukingo upana wa meza ya shule, pembeni mto unanguruma. Bodaboda mmoja amepita, nimemwona. Nilikuwa najikusanya nipite, nikasikia gari nyuma. Paroko. Na Fredy kando yake.

Gari haliwezi. Kutembea kilometa tisa kwenye tope, misa itakuwa saa ngapi? Watu wanasubiri tangu jana. Tumesimama watatu na pikipiki moja.

Fredy akanyoosha mkono. "Mwalimu, nipe funguo nimpeleke Padre, kisha nirudi kukuchukua." Ni maneno ya busara. Ningekuwa mimi ningesema hivyohivyo. Yeye anajua kupakia watu. Padre amebeba hostia na divai shingoni, ndani ya mfuko. Nikimwangusha mtoni?

Lakini akifika yeye juu ya pikipiki, mimi nimekwisha. Nilishaitoa funguo mfukoni. Nilikuwa nayo hivi, kiganjani, sijui naipeleka wapi.

Padre alikwenda kuukanyaga ukingo kwa mguu, akarudi. Alimtazama Fredy. Akanitazama mimi, tope mpaka kifuani. Akasema, "Njia ya Mlundi anaijua Sylvester."

Basi hivyo. Anakunja kanzu. Fredy ameinama, anakunjua vyuma vya nyuma vya abiria kukanyagia, anavifuta tope kwa shati lake. Padre ananiuliza ashike wapi, begani au kiunoni. Sijui! Sijawahi kumpakia mtu.