Kaseti Niliyoificha Chini ya Ndizi za Moto

Jumamosi. Mvua imekatika tangu asubuhi, jua linawaka juu ya migomba iliyolowa, na nina furaha hata kuandika ni kazi.

Kaseti imeimba!

Ninyi mnaonisoma hapa hamjui habari hii kwa sababu sijawahi kuisema. Hata kwenye kitubio niliiruka, Mungu anisamehe. Nilipokuwa binti nilikuwa napeleka chakula kwa Mibuni Jazz, bendi yetu ya Omurushaka, yenye magitaa ya umeme, iliyojulikana mpaka Bukoba. Walifanyia mazoezi kwenye ghala la kahawa, na kurekodi kulikatazwa kabisa maana bendi nyingine zilikuwa zinaiba nyimbo. Lakini mimi niliwapenda mno. Siku moja nikaweka redio kaseti ya baba ndani ya kikapu, nikabonyeza, nikaifunika kwa majani ya mgomba, na juu yake nikapanga ndizi zilizotoka jikoni sasa hivi, zinafuka mvuke.

Akili ya kitoto. Joto lile liliipinda kaseti, ikagoma kucheza. Na wiki ileile wakagombana, bendi ikafa. Hawakufanya tena mazoezi. Kaseti nimeitunza miaka yote chini ya vitenge, kama mwizi.

Juzi fundi redio wa Omurushaka aliuhamishia ule mkanda kwenye gamba la kaseti nyingine nzima, akaniwekea sauti kwenye simu. Nilisikiliza mara moja tu nikajua siwezi kukaa nayo peke yangu. Leo nimepanda bodaboda mpaka Kituntu kwa Ta Rwegasira, mzee aliyekuwa mpiga gitaa wao. Wenzake wote wameshafariki, na gitaa hajaligusa tangu siku zile. Njia nzima nilisali asinifukuze.

"Shikamoo, Ta. Nimekuja kuungama wizi."

"Marahaba, Koku. Umeiba nini, mbuzi?"

Nikaiweka simu mezani. Gitaa likaanza, likayumbayumba pale joto lilipopita, halafu likanyooka. Likaja wazi kabisa! Mara mwimbaji akasema, "Huyu binti ndizi zake hazina chumvi," wote wakacheka, na Ta Rwegasira akacheka pamoja nao mpaka akafuta macho.

Kisha ukaja wimbo ambao hakuna mtu nje ya ghala lile aliyewahi kuusikia. Nusu tu. Mwimbaji akakohoa, akasema, "Mwisho wake tutaumalizia kesho."

Hiyo kesho hawakuipata.

Mzee akainamisha kichwa. Nikajua sasa ndiyo nafukuzwa. Kumbe vidole vyake vilikuwa vinatembea juu ya meza. Simu imenyamaza, yeye anaendelea.

"Kwa hiyo ulituibia."

"Ndiyo, Ta. Nisamehe."

"Mwisho wa wimbo mbona hukuuiba?"

"Haukuwamo."

"Ninao mimi." Akamwita mkewe alishushe gitaa darini. Akalipangusa vumbi kwa mkono wa shati. "Nyuzi mbili zimekatika. Nne zinatosha. Uje kesho baada ya misa. Na hiyo simu uiweke hapa mezani niione, mwizi wewe. Ndizi utie chumvi."

Nimerudi naimba barabarani, dereva wa bodaboda akadhani nimelewa rubisi.

Asante, Mungu wangu. Kuhusu kitubio, nitamwambia padre kesho kabla ya misa, sitaruka tena. Mkungu nimeshakata. Chumvi nimenunua pakiti mbili.