Miezi Mitatu ya Ofisi, Eda ya Mama

Jumatatu, 2 Mei 1966

Bango liko pale mlangoni pa mtaa, herufi za buluu: NYUMBA ZA FAMILIA TU. Miaka sita nalipita bila kulisoma. Leo Bwana Kaingu, karani wa ofisi ya nyumba, kanisomea.

Baba alifariki tarehe 8 Februari. Nyumba ilikuwa kwa jina lake. Mjane aweza kuandikishwa badala yake, asema Kaingu, mradi aje mwenyewe, aonekane uso, atie dole gumba kabla ya miezi mitatu kwisha. Ofisi hufungwa Jumamosi saa sita mchana. Jumamosi hii.

Nikamwambia Mama anakaa eda. Miezi minne na siku kumi. Hatoki.

"Basi na aje akitoka."

Atatoka katikati ya Juni.

"Juni nyumba itakuwa ya watu wengine, bibie."

Na mimi je? Mimi bintiye, nina kazi, nafundisha. Akaigeuza fomu nione. Mume. Mke. Watoto. "Wewe ni mtoto," akasema, kwa upole kabisa.

Nina miaka ishirini na minne.

Jumanne, 3 Mei

Saa moja asubuhi mtaa huwatema wanaume wote — baiskeli, kengele, basi la bandarini — na mimi peke yangu katikati yao, madaftari ya darasa la nne chini ya buibui. Saa kumi na moja huwameza tena. Kati ya hapo ni wake na watoto. Aliyeujenga mtaa huu alifikiria kila kitu: bembea, uwanja, bomba ndani ya kila nyumba, kamba za kuanikia nepi. Hakumfikiria mtu anayetaka kusoma kurasa mbili kwa utulivu. Mpira umegonga dirisha langu mara nne tangu nianze kuandika.

Na bado naupenda mlango wangu. Unafungwa. Tukitoka hapa ni chumba cha juu kwa Ami, nduguye Baba, Mji wa Kale, na binamu watano kitanda kwa kitanda. Na Ami keshasema mara mbili kuwa mwanamwari hana haja ya mshahara.

Jumatano, 4 Mei

Baada ya masomo nikaenda msikitini kwa Ma'alim Aidarus, kuuliza hukumu ya eda. Hakufikiri hata kidogo. Makao ya mjane ni dharura, asema. Mchana na atoke, amalize haja yake, arudi alale kwake. "Kamwambie nimesema mimi."

Nilirudi nusu mbio. Mama akasikiliza mpaka mwisho, akainua macho — si kwangu, kwa Bi Mwanaesha, jirani yetu wa mlango wa pili, ambaye tangu matanga hajakosa siku kuja kumliwaza na kunywa kahawa yetu.

"Ma'alim ni Ma'alim," akasema Bi Mwanaesha. "Lakini Ma'alim hakai mtaa huu."

Basi. Kitabu kizima cha fikihi kimeshindwa na maneno ya kwenye kamba za nguo.

Dawa anayo yeye. Mwanawe Gharib, karani wa bandari, miaka thelathini na minane, bado analala sebuleni kwa mamake. "Akimuoa huyu, fomu imejaa. Mume yupo, mke yupo. Na wewe dada yangu hutikisiki hapo ulipo."

Mama akamjazia kikombe.

Alhamisi, 5 Mei

Nimemsihi Kaingu mpaka kaja. Kaja kweli, mtu wa watu, na sponji yake ya wino katika kibati. Tukafunga pazia mlango wa chumbani. Mama ndani, Kaingu sebuleni. Dole gumba likatokeza kwenye pazia.

Kaingu akalitazama. Ndani kukawa na mnong'ono. Sauti mbili.

"Mumo wangapi humo?"

"Wawili," akajibu Bi Mwanaesha.

"Na dole hili ni la nani?"

"La mwenyewe."

"Bibi, hata mimi nina dole la mwenyewe. Nimetumwa kuona uso."

Uso hakuupata. Alikunywa maji, akafuta vidole, akanihurumia mpaka nikatamani kumfukuza. Jumamosi, akasema, yeye yupo mezani mpaka saa sita.

Niliporudi ndani Mama alikuwa bado ameshika dole lake juu, lisiguse kitu. Halikuwa na wino hata tone.

Ijumaa, 6 Mei

Gharib kaja baada ya sala, na mamake, na sahani ya halua. Si mtu mbaya. Ningeona nafuu angekuwa mbaya. Alifungua bomba, akalifunga. Akauliza kama maji hukatika. Akaenda dirishani, akapima kwa shubiri. Hapa na kazini, akasema, ni dakika kumi na mbili kwa baiskeli. Hakunitazama, alitazama nafasi nilipokuwa nimesimama, nadhani kwa ajili ya kabati.

Kisha akaashiria pazia. "Chumba hiki ndicho chenye upepo. Sisi tutakaa hiki. Mama atahamia kile kidogo cha jikoni."

"Akishamaliza eda," akasema Bi Mwanaesha upesi.

"Akishamaliza," akasema Gharib.

Nyuma ya pazia tasbihi ilikuwa ikienda, toka wameingia. Ikasimama.

Jumamosi, 7 Mei

Saa nne. Mama hajala. Kaniuliza Kaingu ni mtu wa wapi. Rabai, nikamwambia. Ana mke, ana watoto? Sijui, Mama! Akarudi kwenye tasbihi.

Saa nne na nusu. Naona kutoka dirishani: Bi Mwanaesha kaweka ungo wa mchele mlangoni pake, wanawake sita kambani. Jumamosi ni siku ya kufua. Kutoka hapa hadi bangoni hakuna njia nyingine.

Saa tano. Mama kaniita. Kauliza viatu vyake viko wapi.

Viko juu ya kabati tangu Februari, ndani ya gazeti. Havimwingii, miguu imevimba kwa kukaa. Nimempa vyangu vya shule. Vimemkaa. Mimi nimevaa ndara za kuogea. Anafunga buibui sasa, polepole mno, na mimi naandika nimesimama ili nisimharakishe.

Saa tano na robo. Bi Mwanaesha anabisha. "Hodi humo! Nimesikia kabati. Mwaenda wapi?"

Mama kashika komeo alifungue. Kanitazama nifunge daftari.