Injini Uliyoinunua kwa Neno Langu

Baba yangu, fundi magari wa Buyenzi kule nyumbani, uliyeishia kuosha treni Stockholm,

Leo asubuhi nimefungua gereji uliyopanga Spånga kwa ufunguo wako. Mwenye nyumba anaitaka tupu kabla ya mwisho wa mwezi. Mama kasema hawezi kutia mguu humo, basi nimeingia mimi. Gari lako la Kimarekani lipo palepale, wekundu wake umepauka, boneti refu kuliko jiko letu, na chini ya boneti hakuna kitu. Injini iko pembeni juu ya stendi, umeifunika kwa shuka langu la zamani. Hukuwahi kuiwasha. Tangu tukuzike nimekuwa nikikulaumu kimoyomoyo kwamba ulikuwa mtu wa kuahirisha mambo.

Unakumbuka siku tuliyoifuata Upplands Väsby? Ulikuwa umetafuta injini ya namna hiyo miaka miwili, V8 ya bloku kubwa, maana uliapa kwamba gari lile likitiwa injini ndogo litakuwa aibu. Ulivaa shati la harusini kwenda kununua chuma. Nikakucheka kwenye treni. Ukaniita "mama" kama ulivyozoea: "Mama, akiniona nimevaa vizuri ataona haya kuniuzia takataka."

Muuzaji alikuwa mzee wa Kiswidi, mrefu, mpole, mikono imejaa oili. Nusu saa nzima mlielewana bila mimi. Uliizungusha kranki kwa spana ndefu, ukatega sikio, ukanusa oili kwenye kidole. Mwishoni mzee akasema sentensi moja, kisha akanitazama mimi ili nikufasirie: "Den har skurit en gång."

Baba, mimi nililetwa nchi hii na mama nikiwa na miaka minne, wewe ukatufikia nikiwa na kumi na sita. Siku ile nilikuwa mtu mzima wa ishirini na mmoja, lakini Kiswahili changu kilikuwa cha jikoni na cha kugombezwa. Neno skurit nililijua kwa mkate na vitunguu: ni kukata. Nikakwambia, "Anasema ilishakatwa mara moja."

Uso wako ukachangamka. "Kumbe silinda zilishachongwa upya, ni kama mpya. Muulize alichonga saizi gani."

Sikumuuliza. Nilikuwa nimeganda kwa baridi, nina miadi mjini, na niliona haya kukiri mbele yenu wote wawili kwamba sijui kuchonga silinda kunaitwaje kwa Kiswidi. Nikakujibu, "Ndiyo, zimechongwa. Saizi haikumbuki." Nilitunga, Baba. Nilikutungia uongo mchana kweupe, nawe ukanishukuru.

Kiangazi kikaja, kikapita. Kila nilipouliza utaiwasha lini ulisema, "Bado kidogo, mama. Naisafisha." Nami nikaanza kukutania mbele ya wageni kwamba baba yangu ana injini ya kusugua tu. Ulicheka pamoja nao. Sasa nikikumbuka kicheko kile natamani ardhi inimeze.

Halafu ukaja ugonjwa wa ini. Hospitali mara zote nilikaa katikati yako na daktari, mpaka siku ile uliposema, "Leo wewe kaa nje. Waombe mkalimani wa simu." Nilikasirika mno. Nilikaa kwenye korido, nasikia kupitia mlangoni sauti ya mwanamke wa Kitanzania nisiyemjua akikusemesha, bila kuyashika maneno yenyewe. Ulipotoka uliniambia, "Wamesema tungoje." Kumbe walikuwa wamekwambia hakuna tiba tena. Wiki tano baadaye ulikuwa umekwenda, na mimi nilikuwa bado nimekununia kidogo.

Kwa hiyo leo nilimpigia yule mzee wa Väsby nimuulize kama ataichukua injini yake. Alikuja na trela. Alipolifunua shuka hakuishangaa injini. Alinishangaa mimi, kwamba sikujua.

Aliniambia ulirudi kwake peke yako, wiki chache tu baada ya kuinunua. Ulikuwa umeifungua ukakuta silinda moja imekwaruzwa vibaya, toka juu mpaka chini. Hukwenda kugombana. Ulikuwa na karatasi, umeliandika neno lile kwa herufi kubwa kama ulivyolisikia, ukamwomba akuonyeshe maana yake kwa mikono. Mzee akaingiza ngumi ndani ya kiganja, akaivuta, ikagoma kutoka. Nawe ukasema, "Aa. Imegripa."

Imegripa. Neno la gereji za Buyenzi, mlilolichukua kwenye Kifaransa. Watu wa Dar wangesema injini imenoki, pistoni imekwama ndani ya silinda; ndicho mzee alichomaanisha kwa skurit. Nimelisikia mezani kwetu mara ngapi, na sikuwahi kukuuliza maana yake. Mzee aliniambia mlicheka sana, kwa sababu kwa Kiswidi gripa ni kukamata kwa nguvu. Mlikuwa na neno moja, ninyi wawili, toka mwanzo. Ningenyamaza siku ile mngeelewana.

Mzee alitaka kuichukua tena na kukurudishia pesa. Ukakataa, maana ningeuliza kwa nini. Ukamwambia kwa Kiswidi chako kilichovunjika, "Inte säga flickan." Usimwambie binti. Ukarudi Spånga, ukaifunga injini bolti kwa bolti, ukaifunika, ukaniacha nikucheke.

Sasa sijui lile la hospitali nilielewe vipi. Labda hukuniamini tena, na ulikuwa na haki. Labda hukutaka kifo chako kipitie mdomoni mwangu. Nilikaa kwenye kiti chako mle gerejini nikilia, yule mzee amesimama mlangoni akijifanya anakagua trela, na hakukuwa na wa kumuuliza.

Tulipomaliza kuipakia aliniuliza amwambieje mtu atakayeitaka. Nilikuwa na baridi, Baba, na nilitaka kwenda nyumbani. Lakini nilimwita, nikangoja mpaka akanitazama, nikaingiza ngumi kiganjani nikaivuta.

"Mwambie imegripa," nikasema.

Akaelewa.

Binti yako,
mkalimani uliyemstahi